Sinia

Jina lake Sinia, kwa kuwa ndilo lililokuwa:
sinia la pilau lililoshuhudia harusi za Bondeni.
Mbodze alilinunua Mwembe Tayari kwa bei ya kubembeleza,
akalitoboa matundu manne, akalipa magurudumu,
na juu yake akaweka jicho la leza, lizungukalo
kama mtu aliyeitwa jina asijue ni nani kaita.

Kisha Mbodze akahitimu, akaenda zake Eldoret,
akaniachia daftari lenye madoa ya mbaazi
na sentensi moja aliyoipigia mistari miwili:
Usiamini gurudumu la kushoto.

Kazi yangu si kubuni. Kazi yangu ni kufuta chumvi.
Hapa Tudor hewa inakula shaba usiku kucha;
asubuhi nakuta nyaya zimeota ukungu wa kijani,
nami na mswaki mkuukuu na kifuniko cha spiriti
nasugua, pini baada ya pini.

Yeye huhesabu mizunguko. Mara mia, mara mia tatu,
husema nimefika. Hajafika.
Gurudumu la kushoto limelika unene wa ukucha,
kila mzunguko lapunja kidogo, kama mizani ya muuza tambi,
hata mwisho wa ukumbi Sinia aapa yuko mlangoni
ilhali ameegemea kabati la mitihani ya zamani.
Kwenye ramani yake jengo letu limepinda kama ndizi.
Sikucheka. Nami ninayo miaka
niliyohesabu kuwa nimekwenda mbele.

Tulimfunza kila chumba. Ukuta ni ukuta,
lakini viti! Bi Mwanakombo akipiga deki
huvipandisha juu ya meza, na miguu thelathini na sita
hutoweka duniani mwa Sinia.
Husimama katikati akizunguka, akizunguka,
kama mgeni aliyehamiwa na wenyeji.

Na kioo. Mlango wa maktaba ni kioo kitupu,
leza hupita kama salamu isiyojibiwa.
Alikwenda kwa mwendo wa heshima, akaugonga.
Mara tatu. Mara ya nne ukingo wake ukabonyea.
Tukabandika karatasi; unyevu ukaibandua.
Bi Mwanakombo ndiye aliyekuja na mkasi,
akachana leso yake, ukanda wa vidole vinne,
akauliza, "Jicho lake liko urefu gani?"
Nikapima. Sentimita ishirini na mbili.
Jina la leso halikuenea, mlango ulilikata;
limebaki neno moja, UNIONAPO,
chini kabisa, pasomwapo na mwenye kuinama tu.
Tangu siku hiyo Sinia hufika pale, husita, hugeuka.

Ijumaa stima ilipotea saa mbili usiku.
Jenereta haikuitika. Simu ilikuwa na asilimia moja, kisha haina.
Nilikuwa nimepiga magoti, bisibisi mdomoni,
nikamsikia: tk, tk, lile la kushoto,
anaondoka. Kwake giza si habari.
Nikamfuata kwa sikio, mkono ukutani,
nikihesabu hatua zangu, nikikosea,
goti likalipata kabati lile lile la mitihani.
Akasimama. Nikainama, nikanyoosha kiganja,
sentimita ishirini na mbili,
nikapapasa pindo.

Jumamosi. Nimebadilisha mpira wa gurudumu,
nimekaza skurubu nne, nimefuta chumvi.
Sasa anakwenda kimya, na sijazoea.
Kwenye daftari, chini ya mistari miwili ya Mbodze,
nimeandika tarehe na kipenyo kipya.
Sentensi yake sijaifuta.